Kitenzi "Order": Kuripoti Amri kwa Kiingereza Bila Kupoteza Alama

Mtahiniwa, mada ya kauli halisi na kauli taarifa si ngeni kwako. Umeisoma tangu vidato vya chini, na huenda unaweza kugeuza sentensi ya maelezo bila shida. Ugumu huanza pale msemaji anapotoa amri. Mwalimu anasema "Go out!", nawe unatakiwa kuandika kwamba mwalimu alitoa amri hiyo. Sentensi ni fupi, maneno unayajua yote, lakini jibu linatoka limepinda.

Sababu kubwa ni kwamba Kiswahili na Kiingereza huripoti amri kwa njia mbili tofauti. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia tulipoingia sekondari. Kwa hiyo tunapoandika Kiingereza, kichwani tunajenga kwanza sentensi ya Kiswahili. Hilo si kosa; mtu hawezi kuisahau lugha yake. Kosa ni kutojua mahali ambapo lugha hizo mbili zinaachana. Tutapaangalia mahali hapo kupitia kitenzi kimoja, "order". Ukikiweza hiki, umeweza pia "tell", "ask", "advise", "warn" na vingine vingi.

1. Maana ya "order"

Neno hili lina kazi nyingi, na swali la ufahamu linaweza kukutega hapo.

Kama kitenzi, maana yake ya kwanza ni kuamuru: "The captain ordered the soldiers to stop", yaani kapteni aliwaamuru askari wasimame. Maana ya pili ni kuagiza chakula au bidhaa: "We ordered rice and beans", yaani tuliagiza wali na maharage.

Kama nomino, "order" ni amri, ni agizo la mteja, na pia ni mpangilio. Ukiambiwa "Arrange the names in alphabetical order", unatakiwa kupanga majina kwa kufuata alfabeti, hakuna amri yoyote hapo. Vilevile "in order to" maana yake ni "ili", na mashine iliyobandikwa maneno "out of order" ni mbovu, haifanyi kazi.

Angalia pia tofauti hii. "I ordered him a soda" ni "nilimwagizia soda". "I ordered him to drink the soda" ni "nilimwamuru anywe soda". Katika Kiswahili vitenzi ni viwili, kila kimoja na maana yake. Katika Kiingereza kitenzi ni kilekile, na kinachokuonyesha maana ni maneno yanayofuata. Ukiona mtu kisha kitu, ni kuagizia. Ukiona mtu kisha "to" na kitenzi, ni kuamuru.

2. Umbo la msingi

Likariri umbo hili kama unavyokariri kanuni ya hisabati:

mtoa amri + ordered + mpokea amri + to + kitenzi katika umbo lake la msingi

The teacher + ordered + the students + to + stand.

Sasa liweke kando ya Kiswahili: "Mwalimu aliwaamuru wanafunzi wasimame." Tazama wanafunzi wametajwa mara ngapi. Wapo ndani ya kitenzi "aliwaamuru", kwenye "-wa-". Wapo kama nomino, "wanafunzi". Kisha wapo tena mwanzoni mwa "wasimame". Kiswahili hakichoki kumtaja mtu. Kila kitenzi chetu kinataka kibebe nafsi yake.

Kiingereza humtaja mpokea amri mara moja tu, kikaishia hapo. Baada ya kumtaja, kitenzi cha pili hakichukui nafsi, kinachukua "to". Hapa ndipo lugha hizi zinapoachana, na makosa matatu yafuatayo yote yanazaliwa hapa:

"The teacher ordered us we stand." Mwandishi ametafsiri "tusimame" kama "we stand" kwa sababu ameona "tu-". Ondoa "we", weka "to".

"The teacher ordered us that we should stand." Mwandishi ameona kwamba panahitajika kiungo, akaongeza "that". Lakini ukishamtaja mpokea amri baada ya "ordered", huhitaji "that". Weka "to".

"The teacher ordered us to stood." Mwandishi amekumbuka kwamba katika kauli taarifa nyakati hurudi nyuma, akakirudisha nyuma hata kitenzi cha pili. Baada ya "to" kitenzi hakibadiliki kamwe. Andika "to stand".

Katika kosa hili la tatu Kiswahili chako kingekusaidia kama ungekisikiliza. Soma: "Anawaamuru wasimame. Aliwaamuru wasimame. Atawaamuru wasimame." Kitenzi cha kwanza kimebadilika mara tatu, ila "wasimame" limebaki lilelile. Umbo hili la dhamira halibebi wakati. Kiingereza nacho ni hivyohivyo: "He orders them to stand. He ordered them to stand. He will order them to stand." Kwa hiyo kila unapotaka kuweka wakati uliopita baada ya "to", jiulize: Je, kwa Kiswahili ningesema "aliwaamuru walisimama"? Usingesema.

3. Mtego wa kihusishi "to", na mfano wa Kikorea

Mtu anayezungumza Kikorea akijifunza kitenzi hiki hukutana na mtego tofauti kidogo na wako. Ni vizuri kuuona, maana unakuonyesha kwamba kila lugha ina mlango wake wa kupitishia makosa.

Katika Kikorea kitenzi kikuu hukaa mwisho wa sentensi. Sentensi "mwalimu alimwamuru mwanafunzi atoke" huwa hivi: "Gyosa-ga haksaeng-ege nagarago myeongnyeonghaetda." Tukiifuata neno kwa neno tunapata "mwalimu, kwa mwanafunzi, kwamba atoke, aliamuru". Kipande "-ege" kilichobandikwa kwenye neno la mwanafunzi kina maana ya "kwa". Kipande "-rago" kilicho mwishoni mwa "nagarago" ndicho kinachoonyesha kwamba amri inaripotiwa. Na kitenzi chenyewe kimejengwa kwa nomino "myeongnyeong", yaani amri, pamoja na "hada", yaani kufanya.

Sasa unaweza kukisia anachojaribiwa kuandika mwanafunzi Mkorea: "The teacher ordered to the student". Lugha yake inamwambia kwamba amri hutolewa "kwa" mtu. Mwalimu wake wa Kiingereza analazimika kumfundisha mambo mawili: kukileta kitenzi mbele, na kuondoa "to" kabla ya mtu.

Usimcheke. Nawe ukitumia nomino badala ya kitenzi unasema "alitoa amri kwa askari", na hiyo "kwa" inaweza kukuponza vilevile. Kanuni ni hii:

Ukitumia nomino, weka "to" kabla ya mtu: "The captain gave an order to the soldiers."

Ukitumia kitenzi, usiweke chochote kabla ya mtu: "The captain ordered the soldiers."

"To" ya kitenzi "order" husimama kabla ya tendo, haisimami kabla ya mtu. Ukikumbuka sentensi hiyo moja, umemaliza sehemu hii.

4. Amri ya kukataza

"Don't open the door!" ni amri pia, ila ni ya kukataza. Katika kauli taarifa, "don't" huondoka na nafasi yake huchukuliwa na "not to":

The guard ordered us not to open the door.

Usiandike "ordered us to don't open". Usiandike pia "ordered us don't open". Kiswahili huficha ukanushi ndani ya kitenzi, kama katika "tusifungue", lakini Kiingereza huuweka nje, mbele ya "to".

Hapa kuna jambo zito kuliko alama. Soma sentensi hizi mbili:

The doctor did not order him to take the tablets.
The doctor ordered him not to take the tablets.

Ya kwanza ni "Daktari hakumwamuru ameze vidonge". Hakutoa amri hiyo. Mgonjwa anaweza kumeza au asimeze. Ya pili ni "Daktari alimwamuru asimeze vidonge". Hapo pana katazo, na akimeza anaweza kudhurika. Maneno yanayotumika katika sentensi hizi yanakaribiana sana. Kilichotofautiana zaidi ni mahali pa "not". Siku moja unaweza kuwa muuguzi, karani wa mahakama au msimamizi wa ghala, na ripoti unayoiandika ikasomwa na mtu ambaye hakuwepo. Yeye atafanya kile ulichoandika. Hawezi kujua ulichokusudia.

5. Kauli ya kutendwa

Mtunga mtihani hupenda kukutaka uanze na mpokea amri. Umbo ni hili:

mpokea amri + was au were + ordered + to + kitenzi

"The villagers were ordered to plant cassava." Wanakijiji waliamriwa wapande mihogo.

Chagua "was" kwa umoja na "were" kwa wingi. Mtoa amri akitakiwa kutajwa, mweke mwishoni kwa "by". Kama hajulikani au hana umuhimu, mwache.

Angalizo la tahajia: huandikwi "oder" wala "orderred". Ni "order", "ordered", "ordering". Herufi "r" ya mwisho hairudiwi kwa sababu mkazo wa sauti uko kwenye silabi ya kwanza.

Na kwa Kiswahili chenyewe, usichanganye "waliamriwa" na "iliamuliwa". Kuamriwa kunatokana na kuamuru; kuamuliwa kunatokana na kuamua. "Waliamriwa waondoke" ni amri walipewa. "Iliamuliwa waondoke" ni uamuzi ulifikiwa. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "ordered", ya pili ni "decided".

6. Je, kila amri ni "order"?

Hapana. Kitenzi cha kuripoti huchaguliwa kwa kuangalia ni nani anasema, anamwambia nani, na kwa namna gani. Mtoto hamwamuru mama yake. Mgonjwa hamwamuru daktari. Ukiandika "The child ordered his mother to give him water", msomaji atamwona mtoto huyo hana adabu, hata kama katika swali alisema "please".

"Order" na "command" ni za mwenye mamlaka: ofisa wa jeshi, polisi, hakimu. "Command" ina harufu ya kijeshi zaidi.

"Tell" ni ya kawaida na hufaa karibu kila mahali. "Mama told me to sweep the compound." Usiichanganye na "say". "Say" haimchukui mtu moja kwa moja; "He said me to go" ni kosa. Kwa Kiswahili, "tell" ni kuambia, na "say" ni kusema. Kama usivyosema "alinisema niende" kwa maana ya kuniambia, vivyo hivyo usiandike "said me to go".

"Ask" ni kuomba. Ukiona "please" katika kauli halisi, chagua "asked", kisha uliondoe neno "please".

"Beg" ni kusihi. "Advise" ni kushauri. "Warn" ni kuonya, na mara nyingi hufuatwa na "not to". Vyote hivi hufuata umbo lile la sehemu ya 2.

"Forbid" ni kukataza, na wakati wake uliopita ni "forbade". Kwa kuwa katazo limo ndani ya kitenzi chenyewe, usiongeze "not": "The headmistress forbade us to leave the compound."

"Suggest" ni kupendekeza, nacho hakifuati umbo hili. Huwezi kuandika "He suggested us to rest". Andika "He suggested that we should rest".

7. "Ordered that": umbo la mahakamani

Huenda ukakutana na sentensi hii katika ufahamu: "The magistrate ordered that the accused be released." Usidhani mwandishi amekosea kwa kuandika "be" badala ya "is" au "was". Umbo hili hutumika pale aliyepewa amri hatajwi. Hakimu hakumwamuru mshtakiwa; amri iliwaendea wanaomshikilia. Kinachotajwa ni jambo linalotakiwa kutendeka.

Kitenzi baada ya "that" hubaki katika umbo la msingi: "be released", "pay", "leave". Wengine huongeza "should": "that the accused should be released". Yote mawili ni sahihi.

Kwa Kiswahili tungesema "Hakimu aliamuru mshtakiwa aachiliwe". Hili "aachiliwe" ni umbo la dhamira, na "be released" ni umbo linalofanya kazi hiyohiyo. Hapa Kiingereza kimekaribia sana kusema kama tunavyosema sisi.

8. Hatua za kugeuza

Tuchukue swali: "Bring your exercise books to my office tomorrow," Miss Asha said to us.

Hatua ya kwanza: tambua mtoa amri na mpokea amri. Hapa ni Miss Asha na "us".

Hatua ya pili: chagua kitenzi cha kuripoti. Mwalimu kwa wanafunzi, hakuna "please". "Ordered" au "told" vinafaa.

Hatua ya tatu: weka "to", au "not to" kama amri ni ya kukataza, kisha kitenzi kisichobadilika.

Hatua ya nne: badili viwakilishi na vivumishi vya kumiliki. "Your" inakuwa "our". "My" inakuwa "her".

Hatua ya tano: badili maneno ya wakati na mahali. "Tomorrow" inakuwa "the next day". "Today" inakuwa "that day". "Now" inakuwa "then". "Here" inakuwa "there". "This" inakuwa "that". "These" inakuwa "those".

Hatua ya sita: ondoa alama za mtajo na alama ya mshangao.

Jibu: Miss Asha ordered us to bring our exercise books to her office the next day.

Watahiniwa wengi hufika hatua ya tatu wakadhani wamemaliza. Alama zinazopotea katika hatua ya nne na ya tano ni za kujitakia.

9. Zoezi

Funika majibu, andika yako kwenye karatasi, kisha linganisha.

1. "Drop your weapon!" the policeman said to the thief. Geuza kuwa kauli taarifa.
2. "Don't touch these wires," the electrician said to the children. Geuza, ukitumia "warned".
3. "Please lend me your ruler," Juma said to Neema. Geuza.
4. "Leave this house today," the landlord said to the tenants. Geuza.
5. The captain ordered the sailors to lower the boats. Anza na "The sailors".
6. The headmaster ordered to the prefects that they ring the bell. Sahihisha.

Majibu

1. The policeman ordered the thief to drop his weapon.
2. The electrician warned the children not to touch those wires.
3. Juma asked Neema to lend him her ruler. Kumbuka "please" imeondoka kwa sababu "asked" imeshaibeba adabu hiyo.
4. The landlord ordered the tenants to leave that house that day.
5. The sailors were ordered by the captain to lower the boats. Ukimwacha kapteni nje na swali halijamtaka, sentensi bado ni kamili.
6. The headmaster ordered the prefects to ring the bell. "To" ya kwanza imeondolewa kwa sababu ilikuwa kabla ya mtu. "That they" imetoa nafasi kwa "to" kabla ya tendo.

Ukikosa swali la 6, rudi sehemu ya 2 na ya 3. Ukikosa la 3 au la 4, rudia hatua ya nne na ya tano. Ukipata yote, tunga sentensi kumi za amri ulizozisikia leo, nyumbani, njiani au darasani, kisha uziripoti kwa Kiingereza. Amri hazikosekani katika siku ya mwanafunzi. Zigeuze ziwe mazoezi.